Wodini Nafanya, Mtihanini Nakwama

SWALI

Kwenu washauri, salamu.

Mimi ni daktari wa zamu katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya umma hapa Mombasa. Huu ni mwaka wa tatu niko na akina mama wajawazito. Nimepasua, nimezalisha mapacha, nimesimamia kifafa cha mimba usiku wa manane stima ikiwa imepotea. Nataka kuwa bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake, na njia niliyochagua ni MRCOG ya London, mtihani wa kuingia uanachama wa Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake. Sehemu ya Kwanza, ile ya sayansi za msingi, nimeifanya mara moja na nimeanguka. Si kwa alama nyingi, lakini kuanguka ni kuanguka.

Kinachoniuma ni kwamba nilisoma. Nilimaliza kitabu kizima cha uzazi, nikakirudia. Nilipokaa mtihanini nikakuta naulizwa neva gani inapita wapi, altrasaundi ya megahezi ngapi, kimeng'enya gani hakipo kwenye kondo. Mambo niliyoyaacha mwaka wa pili wa chuo. Takwimu nilibahatisha zote. Mwenzangu mmoja aniambia nitafute yale maswali yanayozungushwa kwenye WhatsApp, nikariri elfu tano, basi. Mwingine asema nirudi kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza, kimoja baada ya kingine.

Nina mtoto wa miaka miwili, naishi Kisauni kwa mama mkwe, zamu za usiku ni nne kila wiki mbili, na Jumamosi huenda kliniki ya mtu binafsi kuongeza kipato. Nikirudi nyumbani, kwa joto hili la Machi hata daftari silifungui. Mtihani ni Julai. Nianzie wapi? Nisome saa ngapi? Na hizo takwimu, nizikwepe vipi?

Daktari wa Zamu, Kisauni

JIBU

Daktari, pole. Tuanzie ulipomalizia: takwimu huzikwepi, na huna haja ya kuzikwepa. Katika mtihani huu mzima hakuna sehemu inayorudisha faida haraka kama hiyo. Anatomia yaweza kukumeza miezi miwili na bado ukaulizwa mshipa ambao hukuuwazia. Takwimu zina mambo kama ishirini, na ukishayashika hayageuki. Chukua karatasi na kalamu kabla hujaendelea kusoma.

Chora mraba, ugawe vyumba vinne. Juu andika "anao ugonjwa" na "hana". Ubavuni andika "kipimo chanya" na "kipimo hasi". Sahau fomula. Jaza watu. Tuseme wanawake 1,000 wamepimwa, na 100 kati yao wana ugonjwa. Swali limekupa usikivu wa kipimo, asilimia 90, na umahususi wake, asilimia 80. Usikivu ni habari ya wagonjwa peke yao: kati ya 100, wametoka chanya 90, wameponyoka 10. Umahususi ni habari ya wazima peke yao: kati ya 900, wametoka hasi 720, na 180 wametiwa hofu bure. Sasa mama ameshika jibu chanya akuuliza, "Daktari, ninao kweli?" Wenye jibu chanya ni 90 na 180, jumla 270, na walio nao kweli ni 90. Theluthi moja tu. Mwenye jibu hasi ndiye wa kulala usingizi: 720 kati ya 730, karibu asilimia 99.

Rudia sasa na ugonjwa adimu, wagonjwa 10 kati ya 1,000, kipimo kilekile. Wagonjwa wenye jibu chanya ni 9, wazima wenye jibu chanya ni 198. Tisa kati ya 207, asilimia 4 na kidogo. Usikivu haukuguswa, umahususi haukuguswa. Ni ule wingi wa ugonjwa katika watu uliopungua, na thamani ya jibu chanya ikaporomoka nao. Swali la namna hii lina watu wengi linalowaangusha, maana walikariri fomula nne zinazofanana kama mahamri ya sinia moja. Jaza mraba huo kwa mkono mara kumi kwa siku, siku tatu, ukibadilisha namba.

Baada ya hapo takwimu zilizobaki ni chache. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika, mmoja kila upande wa wastani hubeba asilimia 68 ya watu, miwili 95, mitatu 99.7, mradi mpangilio uwe wa kengele. Ukilalia upande mmoja, tumia namba ya katikati (median) badala ya wastani. Utafiti unaoanza na wagonjwa ukarudi nyuma kuuliza walifanya nini hutoa uwiano wa odi (odds ratio). Unaofuata watu wasio na ugonjwa kwenda mbele hutoa hatari linganishi (relative risk). Na ukiona masafa ya uhakika (confidence interval) ya uwiano wowote yameibeba 1 ndani yake, kwa mfano 0.8 hadi 1.9, tofauti haijathibitika hata kama uwiano wenyewe wavutia.

Sasa tuje kwenye kilichokuangusha. Ni kitabu ulichokimaliza mara mbili. Hicho ni kitabu cha tiba, na kutibu utaulizwa Sehemu ya Pili. Hii ya kwanza yauliza kwa nini ile tiba yafanya kazi, na kwa nini wakati mwingine yaua. Karatasi ni mbili, kila moja ina maswali 100 kwa saa mbili na nusu, kila swali lina majibu matano na lililo bora ni moja. Hiyo ni sekunde 90 kwa swali. Masomo ni anatomia, embriolojia, fiziolojia, homoni, biokemia, famakolojia, vijidudu, kinga ya mwili, patholojia, jenetiki, bayofizikia, takwimu, kusoma matokeo ya vipimo, na tiba kidogo sana. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo swali kuachwa tupu ni zawadi uliyoikataa.

Lakini yule anayekutuma kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza naye akupoteza. Vitabu hivyo vina moyo wa kobe na jicho la chura. Wewe wataka mfuko wa uzazi. Una kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana: wodi. Anza na kitu unachokifanya kwa mikono kila siku, kisha shuka nacho ngazi kwa ngazi mpaka ufike kwenye molekuli.

Chukua dripu ya oksitosini. Katikati ya karatasi chora seli moja ya msuli wa mfuko wa uzazi. Oksitosini yenyewe ni peptidi ya asidi amino tisa. Hutengenezwa kwenye haipothalamasi, katika viini vya paraventrikula na supraoptiki, na hutolewa na sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari. Yafika kwenye seli, yakaa kwenye kipokezi chake, protini ya Gq yaamsha fosfolipasi C, mjumbe wa ndani ya seli aitwaye IP3 afungua ghala la kalsiamu, kalsiamu yashikana na kalmodulini, kimeng'enya kiitwacho kinasi ya mnyororo mwepesi wa mayosini chawaka, msuli wajikaza. Hapo umepitia homoni, fiziolojia na biokemia kwa mpigo mmoja. Sasa pachika dawa, kila moja mahali pake kwenye mchoro. Nifedipini huziba mlango wa kalsiamu wa aina ya L. Salbutamoli hukaa kwenye kipokezi cha beta-2, huongeza cAMP, mjumbe mwingine wa ndani ya seli, na kinasi ile hulala. Magnesiamu hushindana na kalsiamu. Upande wa kukaza, misoprostoli ni prostaglandini E1, dinoprostoni ni E2, kaboprosti ni ya kundi la F2 alfa nayo hubana njia za hewa, ndiyo maana mwenye pumu hapewi. Ergometrini hubana na mishipa ya damu pia, ndiyo maana mwenye presha hapewi.

Kisha ugeuze karatasi ujiulize ya pembeni. Mama aliyepewa oksitosini nyingi ndani ya maji ya glukosi kwa saa nyingi, kwa nini aweza kupata degedege? Kwa sababu oksitosini na vasopresini ni ndugu wa damu, zatofautiana kwa asidi amino mbili tu. Figo hushika maji, sodiamu hushuka. Kwa nini chupa zake hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8? Kwa sababu peptidi hiyo huharibika kwa joto, na joto la chumba hapa kwetu walijua. Karatasi moja, saa moja na nusu, na mle ndani hayakosi maswali kumi na mawili.

Ya pili ifanye ya kifafa cha mimba, maana umekisimamia mwenyewe. Kipimo cha Pritchard cha magnesiamu salfeti wakijua: gramu 4 polepole mshipani, 5 kila tako, halafu 5 kila saa nne. Shuka sasa. Magnesiamu hutoka kwa figo, basi kabla ya kila sindano tunatazama mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kiwango cha kutibu katika damu ni kama milimoli 2 hadi 4 kwa lita. Kikipanda zaidi, goti huzimika kabla ya pumzi, na pumzi kabla ya moyo; hiyo nyundo ndogo ya goti ndiyo kengele ya kwanza. Kinyume chake ni kalsiamu glukonati, mililita 10 za asilimia 10, yaani gramu moja, na hapo kalsiamu na magnesiamu wanagombea kiti kilekile ulichokichora jana.

Ya tatu, kwa vile uko Pwani, ifanye ya selimundu. Jeni ya mnyororo wa beta iko kwenye kromosomu 11. Katika nafasi ya sita asidi ya glutamiki imepokwa kiti na valini. Ni urithi wa kufichika: wazazi wote wawili wabebaji, mtoto mmoja kati ya wanne huugua. Ila mtego uko kwingine. Mama mzima asiyeugua, ambaye ndugu yake wa tumbo moja anaugua, ana uwezekano gani wa kuwa mbebaji? Wengi huandika nusu. Jibu ni theluthi mbili, kwa sababu kuugua kumekwisha kuondolewa kwenye hesabu, wamebaki watatu na wawili ni wabebaji. Halafu: kwa nini mtoto mwenye selimundu haanzi kuumwa siku anayozaliwa? Himoglobini ya kijusi ina minyororo ya gama badala ya beta, na hupungua polepole kwa miezi kadhaa. Na kwa vile mnyororo wa gama haushikani vizuri na 2,3-DPG, kemikali ya ndani ya chembe nyekundu, himoglobini hiyo huivuta oksijeni kwa nguvu zaidi, ndipo mkunjo wake ukasogea kushoto na mtoto akaweza kuipokea oksijeni kutoka kwa mama.

Karatasi za namna hii zikifika ishirini na tano utakuwa umeufunika mtihani wote isipokuwa anatomia. Nyingine tungeziweka hivi: mtoto anavyovuta pumzi ya kwanza na milango ya mzunguko wa damu inavyofunga, kuganda kwa damu katika ujauzito, mzunguko wa hedhi, ukiwa na seli za ovari, za theka zinazotii homoni ya LH na za granulosa zinazotii homoni ya FSH, mimba ya zabibu, virusi vya HPV vya saratani ya mlango wa kizazi, ambapo protini yake E6 humwangamiza p53 na E7 humfunga Rb, wote wawili walinzi wa seli, kaswende, malaria ya kondo, na dawa zinazovuka kondo na zisizovuka. Kile kimeng'enya ulichoulizwa ni 17-alfa-hidroksilasi. Kondo halina hicho, haliwezi kutoka kwenye projesteroni mpaka estrojeni peke yake, kwa hiyo huazima malighafi, homoni ya DHEA-S, kutoka kwenye adrenali za mama na za mtoto. Ukikichora mara moja hukisahau.

Anatomia ni habari nyingine. Hiyo haisomwi kwa macho, huchorwa. Kila siku ya wiki sita za mwanzo chora mchoro mmoja kwa kichwa, dakika kumi, kisha ufungue kitabu na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Michoro kumi na miwili yatosha, ukiizungusha.

Wa kwanza uwe ureta, mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Huingia nyonga kwa kuvuka mgawanyiko wa ateri ya iliaki ya pamoja, huteremka ukutani mbele ya ateri ya iliaki ya ndani, kisha hupita chini ya ateri ya mfuko wa uzazi, kama sentimita 1.5 hadi 2 kando ya mlango wa kizazi, ndipo igeuke mbele kuingia kibofu. Likumbuke Daraja la Nyali: juu yapita magari, ndiyo damu; chini wapita mkondo wa maji, ndio mkojo. Anayefunga daraja bila kuangalia chini huuziba mkondo. Mahali pa kuuumiza ni patatu, na mtihani wavipenda vyote: kwenye ukingo wa nyonga wakati wa kufunga mishipa ya ovari, chini ya ile ateri, na karibu na pembe ya uke.

Wa pili uwe mishipa ya ovari. Ateri zote mbili hutoka kwenye aota, usawa wa L2, pingili ya pili ya kiuno. Vena ya kulia huingia vena kava ya chini, ya kushoto huingia vena ya figo ya kushoto. Limfu huenda kando ya aota. Kwa nini kiungo kilicho chini hivi kikaletewa damu kutoka juu vile? Kwa sababu ovari haikuzaliwa nyongani. Iliota juu karibu na figo, ikateremka na mizigo yake. Embriolojia ukiisoma namna hiyo, kama sababu ya anatomia, haichoshi. Ukiisoma peke yake ni jina juu ya jina, na wiki mbili baadaye hakuna lililobaki.

Wa tatu uwe neva ya pudenda, yenye mizizi ya uti wa mgongo S2 hadi S4: yatoka nyonga kupitia tundu kubwa la siatiki, yazunguka nyuma ya mwiba wa iskio, yarudi ndani kupitia tundu dogo. Ndiyo maana sindano ya ganzi hulenga pale kwenye mwiba, kidole kikiuhisi kupitia uke.

Tuonyeshe na namna ya kulitumia swali, kwa maana huku ndiko tunakodhani ulipoteza muda mwingi. Tuseme umekutana na hili: mama alijifungua baada ya kukaa saa nyingi miguu ikiwa imetundikwa kwenye viegemeo, sasa hawezi kuinua unyayo na ganzi imeshika upande wa juu wa wayo. Neva gani? Majibu: femora, obturata, peronea ya pamoja, tibia, pudenda. Wajua ni peronea ya pamoja, hubanwa pale inapoizunguka shingo ya fibula. Wengi hapo hutia alama ya vema na kwenda mbele. Wewe kaa. Kwa kila jibu lililobaki andika mama angelalamika nini kama lingekuwa ndilo. Femora: goti halinyooki na nyundo haijibu, na mara nyingi ni kifaa cha kupanulia tumbo kilichokandamiza. Obturata: mapaja hayakutani. Tibia: hasimami kwa ncha za vidole. Pudenda: msamba hauhisi, na kinyesi hakizuiliki vizuri. Swali moja limezaa matano, tena yale manne mengine ndiyo yatakayokuja Julai.

Kwa mwendo huo, maswali 20 kwa siku ni mengi, na 25 ni mwisho. Siku tano kwa wiki, wiki 16, yafika 1,600 hadi 2,000. Hiyo elfu tano ya mwenzako haina maana. Yale ya WhatsApp yana kasoro mbili. Yameandikwa kwa kumbukumbu na watu waliotoka mtihanini wamechoka, kwa hiyo neno moja linalogeuza jibu, kama "kwanza" au "zaidi", huwa limedondoka. Na majibu yake hubishaniwa mpaka kundi lageuka soko la Kongowea, mwenye sauti kubwa akashinda. Tumia benki ya maswali yenye maelezo chini ya kila jibu, na ukikosea, usiandike jibu sahihi peke yake. Andika kwa nini lile baya lilikuvutia: hukujua, hukusoma vizuri, au ulijibu kama wafanyavyo wodini kwenu. Hilo la tatu huwaangusha sana madaktari wenye uzoefu, kwa kuwa wodi ina desturi zake za dawa iliyopo na kitanda kilichopo.

Tafuta daftari dogo la kuingia mfuko wa koti, liwe la namba tu. Kichwa cha mtoto: kilichokunjwa vizuri huja na kipenyo cha sentimita 9.5, kilichonyooka 11.5, cha paji la uso 13 na zaidi. Ukanda wa juu wa nyonga mbele-nyuma ni 11 na kando-kando 13. Kule chini hugeuka. Katika ujauzito pato la moyo hupanda kama asilimia 40, maji ya damu 40 hadi 50, chembe nyekundu 20 hadi 30 (ndipo himoglobini ionekanapo kushuka na mama hana shida), uchujaji wa figo 50. Hewa ya kila pumzi hupanda asilimia 40 ilhali idadi ya pumzi haipandi, kwa hiyo kabonidioksidi hushuka na bikaboneti huifuata. Matokeo ya gesi za damu ya mjamzito mzima ukiyatazama kwa jicho la mtu wa kawaida utasema mgonjwa. Mayai: kama milioni 7 kijusi kikiwa na wiki 20, milioni 1 hadi 2 siku ya kuzaliwa. Kiinitete hujipachika siku ya 6 au 7 baada ya utungisho, na mrija wa neva hufunga mwisho wake wa chini karibu na siku ya 28, mama wengi hata hawajajua wana mimba. Daftari hilo ni la kwenye foleni ya matatu, si la mezani.

Bayofizikia jioni mbili zatosha. Altrasaundi ya tumbo hutumia kama megahezi 3 hadi 5, ya ukeni 5 hadi 7.5 na zaidi. Megahezi zikipanda picha husafika lakini wimbi halifiki mbali, ndiyo sababu ya ukeni huona vizuri kilicho karibu. Ongeza tofauti ya umeme wa kukatia wa ncha moja na wa ncha mbili, na kwa nini ule wa kwanza wahitaji bamba chini ya paja.

Ratiba. Miezi minne kwa mtu wa zamu ni saa 10 kwa wiki, usijidanganye na 25. Joto la Machi litaondoka, masika yakifika Aprili utapumua. Kwa sasa soma alfajiri, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili unusu, kabla mtoto hajaamka na kabla bati halijawaka. Huo ndio wakati wa karatasi na michoro. Maswali yanaweza kufanywa umechoka, kuchora hakuwezi. Baada ya zamu ya usiku usiguse kitu mpaka umelala. Ulichosoma saa tatu asubuhi ukiwa macho mekundu utakisoma tena. Wiki mbili za kwanza takwimu na bayofizikia, upate kitu mkononi. Kuanzia ya tatu mpaka ya kumi na mbili, karatasi tatu kwa wiki hapo mwanzo, mbili baadaye, maswali kila siku. Wiki nne za mwisho hakuna jipya: makosa yako, daftari la namba, na mitihani kamili miwili uliyojipimia muda, maswali 100, mapumziko, maswali 100 tena, siku moja. Wengi hawajawahi kukaa saa tano kwenye kiti kabla ya siku yenyewe, na karatasi ya pili huwaadhibu.

Kliniki ya Jumamosi hatukwambii uiache, twajua kodi na maziwa ya mtoto havisubiri. Ila wiki nane za mwisho iwe Jumamosi mbili kwa mwezi badala ya nne, na uongee na mwenye kliniki sasa, si Juni. Mama mkwe mwombe jambo moja lililo wazi: akae na mtoto Jumapili asubuhi, saa tatu mpaka saa sita. Ombi la "unisaidie kidogo" humchosha anayeombwa, kwa kuwa halina mwisho.

Mtihanini, pita maswali yote mara ya kwanza kwa mwendo wa dakika moja. Linalokataa, chagua la kubahatisha, litie alama, endelea. Ukirudi, badilisha jibu pale tu ulipoona neno ambalo hukuliona mara ya kwanza.

Kama kituo ulichopangiwa kiko Nairobi, panda treni ya Miritini siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia. Na leo hii, kabla ya kujisajili, toa pasipoti yako uiweke kando ya kompyuta. Majina yetu ya Pwani huandikwa kwa mpangilio tofauti kila ofisi, na jina utakalojisajilia lapaswa kufanana na lililo kwenye kitambulisho utakachokishika mlangoni, herufi kwa herufi.